Mwalimu na Honi ya Kijito

Mwalimu alikuwa na kuku mmoja mweusi aliyeitwa Kapasita. Nilipomuuliza jina hilo ni la kabila gani, alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Akasema ni jina la kidude cha umeme, kinaumeza, kinautunza, halafu kinautema unapohitajika, na kuku yule alikuwa anakula siku nzima lakini yai analitoa siku akipenda mwenyewe. Nimeanza na kuku makusudi. Watu wakimzungumzia Mwalimu wanaanza na mitambo, na mimi mitambo siijui. Shule niliishia darasa la tatu nikaitwa shambani, na shamba halijaniachia mpaka leo.

Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, hayo msiniulize, sikuwahi kumuuliza. Pale Kibaoni, mjini Ifakara, alijulikana kwa jina hilo moja tu. Walimu wamejaa Ifakara, lakini ukimwambia kijana wa bajaji akupeleke kwa Mwalimu, hakuulizi Mwalimu yupi. Alikuwa amefundisha umeme kwenye chuo cha ufundi, akastaafu, akaigeuza sebule yake kuwa karakana. Makochi aliyasogeza ukutani yakawa ya kuwekea redio zilizopasuliwa matumbo. Ukiingia unapokelewa kwanza na moshi wa kulehemu, halafu na Kapasita, halafu ndiyo na mwenye nyumba, naye hakuinulii macho mpaka umsalimie sawasawa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kaa hapo, usikanyage waya."

Mimi na yeye tulikuwa karibu rika moja. Labda hata nilimzidi kidogo. Lakini shikamoo nilimpa siku ya kwanza kwa woga na baadaye sikuona pa kuirudishia. Naye aliipokea bila aibu yoyote.

Siku hiyo ya kwanza nilimpelekea redio. Aliifungua, akaipuliza vumbi, akagusa hapa na pale, ikaimba. Nikanyoosha mkono kuichukua. Akanipiga kofi mkononi kama mtoto mdokozi.

"Bado. Tungoje."

"Si inaimba, Mwalimu?"

"Inaimba, ndiyo. Redio inayoimba wimbo mmoja haijapona, imeshtuka tu. Tungoje."

Nikakaa pale mpaka nyimbo zikaisha, taarifa ya habari ikaisha, salamu za wasikilizaji zikaisha, na uji nikaletewa nikanywa. Ndipo akanipa redio yangu. Hilo neno lake, bado, tungoje, nimelisikia miaka yote niliyomjua. Binti wa jirani alipofaulu mtihani, watu wakipiga vigelegele, Mwalimu alisema bado, tungoje, mpaka yule mama mtu akanuna. Alimwambia hivyo hata padri aliyetangaza kwamba paa jipya la kanisa halivuji. Na lilivuja, lakini hiyo ni habari nyingine.

Mwanamke huyu alikuwa na mambo yasiyopatana hata kidogo. Kwa mfano bisibisi. Bisibisi yake hamwazimi mtu. Nilishuhudia fundi mwenzake anaomba aikaze skrubu moja tu, palepale mbele yake, akakataliwa. "Ukiishika wewe itazoea mkono wako." Lakini kazi ya kichwa chake, ile iliyomtoa jasho wiki nzima, aliigawa kwa dunia yote, kwa watu ambao hatawaona mpaka anaingia kaburini. Nitafika huko.

Jingine ni maji. Mwalimu aliogopa maji kuliko kitu chochote. Hakuwahi kupanda mtumbwi. Kwenye kivuko cha miti alikuwa anashikwa mikono huku na huku kama bibi harusi. Hata mvua ikimdondokea mkononi aliifuta haraka kwa kanga. Na mtu huyohuyo ndiye aliyekubali kutupimia kijito chetu.

Sasa niwaeleze kijito. Kwetu ni upande wa Mchombe, njia ya Mlimba. Mashamba yetu mazuri ya mpunga yako ng'ambo ya kijito, na wakati wa kuamia ndege akina mama wanahamia huko kutwa nzima kwenye madungu, vile vichanja vya kulindia shamba, wanapiga kelele, wanarusha udongo, ndege wanaondoka huku wanarudi kule. Njia ya kurudi nyumbani ni moja, daraja la magogo. Ubaya wa kijito kile ni kwamba mvua yake hainyeshi kwetu. Inanyesha kule juu milimani Udzungwa, sisi huku tuna jua linachoma kisogo, halafu maji yanakuja. Yakishafunika magogo, aliye ng'ambo ndiyo yuko ng'ambo. Na ng'ambo ile ni bonde. Hakuna pa kupanda ila vichuguu.

Mke wangu, Mama Stella, hakubali kukosa dungu. Nimemwambia tumia vijana. Anasema vijana wanaamia simu, hawaamii ndege. Basi mimi kila masika roho yangu inakaa ng'ambo pamoja naye.

Ndiyo nikamwendea Mwalimu nikamwambia, mama, wewe unayefufua redio, huwezi kutupatia kitu cha kutuambia maji yanakuja?

Nilipokwenda tena nikamkuta ana kibao kidogo cha kijani, kipana kama kiberiti, na juu yake kidude chenye macho mawili kama bundi. Akanieleza, na nilielewa, kwa hiyo na nyinyi mtaelewa. Jicho moja linapiga mlio ambao sikio la mtu halisikii. Mlio unagonga maji, unarudi, jicho la pili linaupokea. Ukirudi upesi, maji yako karibu, yaani yamepanda. Kwenye kibao kuna chipu, kompyuta ndogo kuliko punje ya hindi, na hiyo ndiyo inafanya hesabu. Maji yakifika alama, chipu inaamsha honi. Honi yenyewe ilikuwa ya lori, ya kutoa mtu usingizini hata akiwa Mlimba.

"Na hiyo chipu imejifunzia wapi hesabu?" nikauliza.

Akanivuta kwenye kompyuta. Ilikuwa maandishi matupu, yanapanda kama siafu. Akasema hayo ni maagizo, chipu haijui kitu mpaka iandikiwe. Ila si lazima kila mtu aandike yote kutoka mwanzo. Kuna watu wameshaandika maagizo ya kupiga mlio, ya kupokea mlio, ya kupigisha honi, wakayafunga mafungu mafungu na kuyaweka wazi kwenye mtandao. Fungu kama hilo wanaliita maktaba. Anayetaka anachukua, anatumia, anasoma ndani limeandikwaje, na akiona kosa anarekebisha na kurudisha ili mwingine asiumie.

"Hili la macho mawili kaandika nani?"

"Jamaa mmoja wa nchi ya baridi."

"Unamjua?"

"Simjui."

"Na umechukua kitu chake?"

"Kakiacha mlangoni, Baba Stella, na kaandika karibu."

Mimi nimeishi na watu wanaogombania tuta la jaruba la mpunga, upana wa unyayo. Kuna kesi ya tuta pale kwetu wamekufa wagombanaji, wanaendelea wajukuu. Sasa huyu ananiambia kuna watu, wengi, nchi mbalimbali, mmoja anaandika, mwingine asiyemjua anasahihisha, wa tatu anaongeza, na hakuna mwenye tuta. Kitu pekee nilichoweza kukifananisha ni njia yetu ya shambani. Nani aliikata ile njia? Hakuna ajuaye. Lakini kila anayepita na panga anafyeka kidogo, ndiyo maana mpaka leo inapitika. Nilimwambia hivyo Mwalimu. Akavua miwani, akanitazama kama redio iliyoanza kuimba bila kuguswa. "Hivyo hivyo," akasema. "Hivyo hivyo kabisa."

Tukasimika bomba la plastiki kando ya daraja, macho mawili yakakaa juu yake yakitazama chini, na kibao cha jua cha kuchaji betri, pamoja na honi, vikakaa juu ya mti. Msimu ule maji yalipanda polepole, honi ikalia, akina mama wakarudi wanacheka. Kijiji kizima kikamwita Mwalimu mchawi mwema. Yeye akasema bado, tungoje.

Msimu uliofuata, mchana jua likiwa linawaka, kijito kilikuja kwa ghafla. Hakikupanda. Kilifika. Nilikuwa nyumbani naparua jembe, nikasikia ngurumo kama lori la miwa, nikakimbia. Magogo hayaonekani. Maji rangi ya chai ya maziwa, yamebeba miti mizima na mizizi yake. Na honi, kimya. Imekaa pale juu ya mti inanitazama.

Mke wangu na mwenzake mmoja walipanda kichuguu. Walikaa pale na mbuzi wa watu na nyoka mmoja aliyekuja kujiokoa naye, mpaka wavuvi wakawatoa kwa mtumbwi jioni. Nilivyokaa ukingoni saa zile sitaeleza. Mama Stella aliposhuka mtumbwini, ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi, hakunisalimia. Alitazama juu ya mti, akaiuliza ile honi: "Na wewe ulikuwa umelala?"

Kesho yake Mwalimu alikuja. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amekusanya watu, na watu walikuja na majibu yao tayari. Betri imekufa. Nyigu wamejenga kwenye bomba. Kuna mtu kaloga. Nadhani wengi wetu tulitaka aseme nyigu, tumsamehe, yaishe. Mwalimu akafungua kompyuta yake juu ya kinu kilichogeuzwa, akaunganisha waya na kile kibao, akasoma. Halafu akasimama.

"Kifaa hakikulala," alisema. "Maji kiliyaona. Kikakataa kuyaamini."

Watu wakasogea karibu na kinu.

Akaeleza. Ile maktaba ya yule jamaa ilikuwa na tahadhari ndani yake. Kipimo kikiruka mno kutoka kile kilichotangulia, chipu inakihesabu ni uongo, ni mdudu kapita au waya umetikisika, inakitupa na kungoja kipimo tulivu. Inatupa, inatupa, huku mto unapita. "Mwenzetu kule alikuwa anapima tangi lake nyumbani. Tangi haliruki. Kwetu kinachoruka ndiyo maji yenyewe."

Mzee mmoja akapaza sauti: "Basi huyo mtu ashtakiwe! Apelekwe polisi!"

"Polisi ya wapi?" akajibiwa, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Mwalimu hakucheka. "Yeye hana kosa. Ameandika wazi kabisa, na ameeleza kwa nini. Nilikichukua kitu chake, nikakijaribu kidogo, kikaimba, nikaondoka nacho. Mimi! Mimi ninayewakalisha watu kungoja redio." Akawageukia wale wawili wa kichuguuni. "Ningesoma mpaka mwisho, mama hawa wasingelala na nyoka."

"Hatukulala naye," akasema Mama Stella, "tulikaa naye tu." Halafu akasogea mbele, kiunoni kajifunga kitenge kama mtu anayetaka ugomvi. "Mwalimu, hiyo mashine uitengeneze. Lakini mimi siendi ng'ambo mpaka nimeidanganya kwa mkono wangu mwenyewe, nione imeshindwa kudanganyika."

Mtu mwingine angechukia. Mwalimu alimtazama mke wangu juu hadi chini, akasema, "Njoo Kibaoni. Kesho."

Hapo ndipo nilipomjua Mwalimu vizuri. Alisimamisha bomba sebuleni kwake ndani ya pipa, kifaa juu, honi akaifunga tambara ili majirani wasihame. Mke wangu akapewa ndoo na uhuru wote. Akamwaga maji taratibu. Akamwaga kwa ghafla. Akatupia jani la mpapai. Akatikisa bomba kama anayeangusha embe. Kila kifaa kilipokosea, kinalia kwa jani au kinanyamazia maji, Mwalimu anarudi kwenye kompyuta anaandika, na Mama Stella anakaa kochini kati ya redio akisubiri kwa furaha mbaya.

"Tayari?"

"Tayari. Kidanganye."

Siku moja akatumbukiza chura. Sijui alimtoa wapi, nadhani alikuja naye kwenye kikapu. Chura akaruka kutoka kwenye pipa, na Mwalimu, mwanamke mzima aliyezoea kushika umeme, akapanda juu ya meza akipiga kelele. Kapasita naye akaruka. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji.

"Mwalimu wa mto anaogopa chura!"

"Mtoe! Mtoe mdudu wako, Mama Stella, la sivyo nitakuandika mtandaoni!"

"Niandike, nijulikane mpaka huko kwa wenye baridi!"

Na kweli akaandikwa. Kifaa kilipoacha kudanganyika, kikawa kinasikiliza kipimo kilichoruka, kinapima tena haraka haraka, na kama kimeruka na kikabaki huko juu kinaamini, Mwalimu aliyarudisha marekebisho kwa yule jamaa. Yule hakuyapokea kirahisi. Wakabishana siku nyingi kwa maandishi, Mwalimu akinisomea kwa Kiswahili. Jamaa anasema miruko mingi ni makosa. Mwalimu anasema njoo kwetu masika. Mwisho akamtumia majaribio yote ya mke wangu, moja moja, na vipimo vyake, ndoo ya taratibu, ndoo ya ghafla, jani, chura. Jamaa akayaendesha kwake. Akaandika kwamba amekubali, anashukuru, na majaribio yale atayaweka ndani ya maktaba yenyewe. Kuanzia sasa mtu yeyote akitaka kubadilisha chochote humo, lazima kazi yake ishinde kwanza majaribio ya bibi wa Mchombe.

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anamchambulia Kapasita dagaa. Hajui kusoma. Na kuna watu nchi za mbali, wenye kompyuta, hawapiti mpaka wapite kwenye ndoo yake.

Kule kijijini maneno yalikuwepo. Kwa nini awape bure, baada ya mambo yao kutaka kutuulia watu? Mwalimu aliwajibu kwa maneno yangu, na hakusema ni yangu, mnisamehe kwa kujisifu: "Umepita njiani ukachomwa mwiba. Utaung'oa, au utauacha kwa anayefuata?"

Honi ilirudishwa. Mama Stella akarudi ng'ambo kama alivyoahidi. Ililia mara kadhaa miaka iliyofuata, lakini kwa maji ya polepole, yale ambayo hata kifaa cha zamani kingeyaona. Maji ya ghafla hayakuja. Kila mtu alisema kazi imekwisha, na Mwalimu, mnajua alichosema.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni masika ya juzi juzi. Mwalimu macho yalikuwa yameanza kumwacha. Ukungu, alisema, kama kioo cha bafuni. Bisibisi zote alikuwa amemgawia yule fundi aliyewahi kunyimwa. Alipanda bajaji kutoka Kibaoni mpaka kwetu, barabara ile mnaijua, akashuka amekunjamana, akasema ametaka kukaa karibu na kijito asikilize. Nikamtolea kiti mpaka kando ya daraja, lakini nyuma kidogo, maana woga wake naujua. Ng'ambo tulikuwa tunawasikia akina mama wanaamia ndege, na sauti ya mke wangu iko juu ya wote, kali kama filimbi.

Jua kali. Mbingu yetu safi. Tukawa tunazungumza habari za Kapasita, aliyekuwa amekufa kwa uzee bila kupungua ubahili. Halafu honi ikalia.

Sijawahi kusikia sauti kubwa vile. Mwalimu akanikamata mkono.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, Mwalimu."

"Maji yakoje?"

Nikatazama. Maji yalikuwa chini bado, lakini yamebadilika rangi, na yanapanda bombani unayaona kwa macho, si ya kawaida. Na juu huko, kwenye kona ya mianzi, ile ngurumo. "Ni yale ya ghafla," nikamwambia. "Ni yenyewe."

Akina mama wakaanza kutokea kwenye mpunga wanakimbia, mmoja, mwingine, wanavuka magogo. Nikamhesabia Mwalimu kwa majina. Mke wangu hayumo. Mke wangu siku zote ni wa mwisho, haachi sufuria. Maji yakagusa magogo. Nilijisikia nasema kwa sauti ya uongo, ya kumpa moyo mgeni, au labda ya kujipa mimi: "Imelia, Mwalimu. Hongera. Kazi yako imefanya kazi."

"Bado," akasema. Alikuwa amegeuzia sikio ng'ambo, macho yale ya ukungu yamefumbwa. "Bado, Baba Stella. Tungoje."

Mama Stella akatokea. Sufuria kichwani. Akaingia darajani maji yakimpita kwenye vifundo, akatembea bila kukimbia, maana anayekimbia kwenye magogo anateleza, na akafika kwetu huku nyuma yake wimbi likija na miti yake na kulifunika daraja lote kama vile halikuwahi kuwepo.

Mwalimu alikuwa amesimama. Sijui alisimama saa ngapi. Alinyoosha mkono mbele yake hewani, naye mke wangu, amelowa kwa maji aliyorushiwa na wimbi, ana tope mpaka viwikoni, akaushika.

"Ni nani?"

"Ni mimi. Hiyo honi yako haina adabu hata kidogo. Ugali ndiyo kwanza ulikuwa unaanza kuiva."

Maji ya mto yalikuwa yanamtiririka Mwalimu mkononi, yanaingia kwenye mkono wa gauni. Nilingoja ayafute. Hakuyafuta. Alikaa ameushika mkono ule wenye tope, honi bado inapiga juu yetu, na akasema polepole, kama mtu anayenirudishia redio yangu:

"Haya. Sasa imelia."